Mteja Aliyejua Jina la Springi Yetu

Ujumbe uliingia asubuhi, chai yangu ikiwa bado inatoa moshi.

"Habari. Nimeona unachora vipuri vya kamera kwa kompyuta. Nahitaji mchoro wa kamera moja, aina hii ya kwenye picha, kila kifaa kionekane peke yake, na jina lake pembeni. Majina yawe ya Kiswahili. Ile springi ndogo ya ubavuni, iandike Mpwa."

Nikausoma. Nikaweka kikombe chini. Nikausoma tena.

Mwili ukanisisimka.

Kwa sababu, ndugu zangu, hakuna kamera duniani yenye kifaa kinachoitwa Mpwa. Fungua kitabu chochote, uliza fundi yeyote, hutalipata. Jina hilo lilizaliwa kwenye karakana ya mjomba wangu, na tuliolijua tulikuwa watu wa nyumba moja tu.

Na mmoja wetu aliondoka miaka mingi nyuma, akapotea kama jiwe lililotupwa kisimani.

Mjomba wangu ni fundi kamera. Si hizi za kwenye simu. Zile za zamani, za filamu, nzito kama tofali, hazina betri wala nini, zinaendeshwa na springi na gia tupu. Watu wakisikia wanacheka. "Bado zipo?" Zipo, na zina wenyewe. Kuna wanaume wanazipenda kuliko wake zao, na wakiangusha moja wanaileta wameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mimi nililelewa na yeye na mkewe baada ya mama yangu mzazi kufariki. Huyo mkewe namwita mama. Sina jina lingine la kumwita na sijawahi kulitafuta.

Nilipojifunza kuchora kwa kompyuta nikaweka meza yangu hapo hapo karakanani, karibu na dirisha. Kazi ikatukutanisha. Kuna bosi mmoja anauza vipuri mtandaoni, naye anataka kila kipande kionekane vizuri na kiwe na jina lake, ili mnunuzi asiagize gia akaletewa skrubu.

Basi mjomba anaifungua kamera juu ya kitambaa cheupe. Kifuniko, skrubu, gia, kioo, mpaka mnyama wote amechunwa. Mimi napima kila kipande, nakijenga upya ndani ya kompyuta, nakipa rangi ya chuma chake, nakiwashia taa za uongo, mpaka ukikitazama mkono unakuwasha kukishika. Halafu navitawanya vyote hewani, kimoja juu ya kingine, kama kamera imelipuka na vipande vikagoma kuanguka. Mwisho navuta mistari myembamba na kuandika majina.

Bosi wa vipuri anataka majina ya Kiingereza. Hayo nayatoa vitabuni.

Majina ya mjomba ni mengine.

Yale mapazia mawili yanayofunguka na kujifunga kupitisha mwanga, yeye anayaita Kope. Ile mashine ndogo inayonguruma ukipiga picha ya taratibu, Nyuki. Ule mkono unaoichelewesha kamera ili mpigaji apate muda wa kukimbia na kusimama na wenzake, Subira.

Na ile springi ya ubavuni, ukiilegeza tu inaruka na kujificha chini ya kabati, ndiyo Mpwa.

"Kwa nini Mpwa?" nilimuuliza nikiwa mdogo.

"Kwa sababu kazi ikianza haionekani. Chakula kikiiva, hiyo hapo."

Siku ile binamu yangu alicheka mpaka akaangusha kibano. Yeye ndiye mtoto pekee wa mjomba. Tulimwita Ngongoti kwa urefu wake. Kila mlango wa nyumba ile ulikuwa umemgonga kichwa.

Ngongoti alikuwa na kazi mikononi. Alishika bisibisi kabla ya kushika kalamu. Nikikumbuka utoto wangu namwona yeye na baba yake wameinamia meza moja, vichwa vinakaribia kugongana, wanaongea lugha ambayo mtu wa nje angedhani wamechanganyikiwa. "Nyuki kalala." "Mpe tone la mafuta." "Kope ya kushoto inachelewa." "Ipige kofi kidogo."

Halafu ikaja ile siku.

Mjomba alikuwa amesafiri. Mteja mmoja mzito, mtu wa kuheshimika, akaleta kamera yake akiwa na haraka, mwanawe anaolewa. Ngongoti akaitengeneza peke yake. Akaifunga. Akaijaribu. Ikalia vizuri.

Harusini ikagoma. Haikutoka picha hata moja.

Mteja alirudi karakanani akiwa amevimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Mjomba naye alikuwa ameshafika. Watu walikuwa wamejaa, wateja, majirani, na mimi nilikuwa kwenye kona nafagia.

Mjomba alimzaba mwanawe kofi mbele ya watu wote.

"Wewe si fundi," akamwambia. "Na hutakuwa fundi. Toka mbele yangu."

Ngongoti aliweka bisibisi mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akainama kupita mlangoni.

Hakurudi.

Mama alilia, akaenda kwa ndugu, akauliza kwa marafiki. Mjomba akapiga marufuku. "Atakayelitaja jina lake ndani ya nyumba hii, ajue ananifukuza mimi." Mzee wangu ana kichwa kigumu, akishasema kasema. Jina likafutwa. Kitanda kikauzwa. Miaka ikaenda, mimi nikawa mtu mzima, mzee akaota mvi, na hakuna aliyethubutu.

Sasa mtu huyo anatokea kwenye simu yangu na kuniambia niandike Mpwa?

Nikajibu hapo hapo. "Wewe ni nani?"

"Mteja tu."

"Hilo jina umelitoa wapi?"

Jibu likaja: "Utaweza kuchora au nitafute mwingine?"

Nikasema moyoni, ni yeye. Huu ndio ukaidi wenyewe. Ukoo ni mmoja.

Ningekaa nalo? Nisingeweza. Nilinyanyuka na simu yangu mpaka kwenye meza ya mjomba, nikaiweka juu ya kitambaa chake cheupe.

"Mjomba, soma."

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akasoma tena. Nilisubiri anifukuze.

"Ameandika Mpwa," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa herufi kubwa."

"Ndiyo."

Akageuka kulitazama kabati. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba:

"Ilete kamera ya aina hiyo. Iko rafu ya juu. Tuifungue."

Jamani, yule mzee alibadilika. Mtu aliyekuwa anakuja karakanani kwa kujivuta, sasa nikifika namkuta. Aliifungua ile kamera kama anamvua nguo mtoto aliyelala. Kila kipande alikisafisha kabla ya kunipa nikipime.

"Hiyo gia umeikosea," ananiambia, amesimama nyuma ya kiti changu. "Meno yake yana mlalo kidogo. Mlalo huo. Yeye ataona."

"Mjomba, huu mlalo hata mwenye kiwanda hauoni."

"Yeye ataona."

Nikarudia gia. Nikarudia na vivuli vya Kope, maana alisema kitambaa chake si cheusi, ni cheusi kilichochoka. Nikasema haya, kilichochoka kikachoka.

Mama alipoambiwa, alikuwa anakunja nguo. Mimi nilitegemea vigelegele. Nilitegemea aanguke magotini.

Hakuinua uso.

"Nani alikutumia?" akaniuliza.

"Hataki kusema. Lakini mama, kajua Mpwa! Ni nani mwingine?"

"Na wewe ukakimbilia kwa mzee."

"Ningefanyaje?"

"Ungeanza kwangu, mwanangu." Alikunja shati lile lile mara ya pili. "Ungeanza kwangu."

Mjomba alikuwa mlangoni, anatabasamu kama bwana harusi. "Mke wangu, kijana anarudi."

"Mzee, na kama siye?"

"Nani mwingine anajua maneno yetu?"

Mama aliweka nguo chini, akaingia bafuni. Tukasikia maji yanafunguliwa. Mimi nikawaza, huyu mama ana moyo gani? Mwanawe wa kuzaa! Nikamkasirikia kweli. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomtazama alipotoka humo, naona aibu.

Mchoro ulipokaribia kwisha, mjomba alivuta kigoda akakaa karibu yangu.

"Unaweza kuandika neno lolote kwenye hiyo mistari?"

"Lolote."

"Hapo chini kabisa, kwenye skrubu ya mwisho. Andika: Baba alikosea."

Niligeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Ile kamera ya harusi," akasema. "Niliifungua baadaye, alipokwisha kuondoka. Kazi yake ilikuwa safi. Skrubu zote mahali pake. Kioo ndicho kilichokuwa kimetoka kwenye fremu, na kona ya kifuniko imebonyea. Yule bwana aliiangusha, akanyamaza."

"Sasa mjomba, kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Alikwisha kwenda."

"Ungetuambia sisi. Tungemtafuta."

Alikuwa anasugua kidole gumba juu ya kingine, kama anaondoa grisi, na vidole vilikuwa visafi.

Nikaandika. Baba alikosea. Mstari mwembamba, skrubu ndogo, maneno mawili. Nikatuma faili.

Jibu lilichelewa. Mjomba akawa haendi hata kula bila kuniuliza, "Kasema?" Namwambia bado. "Labda mtandao wake mbovu," anasema. Anarudi mezani, anashika kitu, anakiacha.

Hatimaye simu ikalia.

"Asante. Nimejaribu kuifunga kwa kufuata mchoro. Kuna kipande kimoja kimebaki na sijui kinaingia wapi. Naweza kuja?"

Kuhusu ile skrubu ya chini, hakusema neno.

"Amekwama!" Mjomba alipiga meza kwa furaha. "Umeona? Amekwama, anakuja kuuliza. Mwambie aje. Mwambie aje hata leo."

Siku ya kuja, mzee alikwenda kunyoa. Alivaa shati ambalo mimi nilidhani amelihifadhi la kuzikiwa. Alifagia karakana mwenyewe, akaweka kigoda cha pili mbele ya meza yake, akakisogeza nyuma kidogo, maana, alisema, yule ana miguu mirefu.

Mama alikuja na birika la chai na akakaa pembeni, kwenye kiti cha wateja, mikono imebanwa katikati ya magoti. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Sikukitilia maanani.

Mchana, jua likiwa la kuchoma, mlangoni kikaingia kivuli.

Kirefu. Kikainama kupita.

Mjomba akasimama.

Alikuwa msichana.

Msichana mrefu, shingo ya Ngongoti, paji la uso la Ngongoti, amevaa sketi ya shule na ameshika kopo la plastiki la kubebea chakula. Ndani yake vyuma vilikuwa vinagongana.

"Shikamoo, babu," akasema.

Mjomba hakuitikia. Alikuwa anachungulia nyuma ya bega la yule binti, mtaani, anatafuta mtu wa pili. Akasogea kulia. Akasogea kushoto.

"Baba yako yuko wapi? Anaegesha gari?"

Yule binti alimgeukia mama, machozi yameshajaa.

"Bibi," akasema. "Kwani hujawaambia?"

Nilimgeukia mama.

Bibi? Wamejuana lini?

Mama aliinuka, akamfuata yule mtoto, akamshika mkono kama mtu aliyezoea kuushika. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mzee wangu, kaa."

"Sikai."

"Kaa, nakuomba."

"Nimesema sikai! Yuko wapi?"

"Tumemzika," mama akasema.

Nje watu walikuwa wanapita, mtu anacheka, pikipiki inapiga honi. Ndani ilikuwa kama tumezibwa masikio.

"Lini?" Mjomba aliuliza.

"Mwaka jana. Wakati wa mvua."

"Wakati wa mvua ulikwenda kumuuguza dada yako."

"Sikwenda kwa dada."

Hapo akakaa. Si kwenye kiti chake. Alikalia kile kigoda alichomwekea mwanawe.

Mama alizungumza amesimama. Alisema Ngongoti alimtafuta muda mrefu uliopita, na tangu hapo walikuwa wakizungumza kwa siri. Alioa. Akapata huyu binti. Mkewe hakuishi sana. Alifungua kibanda chake cha kutengeneza kamera na redio. Kisha akaanza kuumwa figo.

"Nikamwambia, baba yako ajue," mama akasema. "Akakataa. Akanishika mkono hivi, akasema, mama, usimwambie naumwa. Akija, aje kwa sababu ananitaka, asije kwa sababu nakufa. Nikamwahidi. Alipokufa nikasema sasa nitamwambia. Nikaja nyumbani. Nikakuta umekaa unasikiliza redio. Nilianzaje, mzee? Mtu ambaye hata jina lake hatulitaji, nilianzaje kusema amekufa?"

Mjomba alikuwa anatazama sakafu.

"Ulilia wapi?" akauliza.

"Eh?"

"Mwaka mzima. Mimi nipo, huyu yupo. Ulilia wapi?"

"Bafuni," mama akasema. "Nikifungua maji hamsikii."

Yule mzee alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama alimfuata, akasimama mbele yake, na mjomba akaegemeza kichwa kwenye tumbo la mkewe kama mtoto mdogo. Mabega yakaanza kutikisika. Sauti haikutoka.

Mimi nilimshika yule binti tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi. Ndipo akanieleza yaliyobaki.

Baba yake aliugua akiwa ameanza kuitengeneza kamera yake mwenyewe. Aliifungua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Vipande vikabaki mezani. Hakuna aliyethubutu kuvigusa mpaka mwenye kibanda alipotaka chumba chake, ndipo yeye akavikusanya kwenye kopo la chakula.

"Nilitaka kuifunga," akasema. "Lakini michoro yote mtandaoni ni ya Kiingereza. Mimi najua majina aliyonifundisha baba. Nikamwambia bibi, akanipa namba yako. Akaniambia nisiseme mimi ni nani. Sikujua kwamba Mpwa si jina la kweli. Mimi nilidhani watu wote wanaiita hivyo."

Nilicheka. Nikalia. Vyote kwa pamoja, nakuapia.

"Na ile skrubu ya chini?" nikamuuliza. "Ulisoma?"

"Nilisoma. Nikajua hicho si kifaa." Akafuta pua na kiganja. "Baba angeicheka kwanza. Halafu angekuja."

Angekuja. Fikiria neno hilo. Maneno mawili tu, na yule mtu angekuja. Na baba yake alikuwa nayo mdomoni miaka yote hiyo.

Tuliporudi ndani, mjomba alikuwa ameshanawa uso. Macho mekundu, shati limelowa kifuani. Akamtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri, kuanzia juu.

"Marahaba," akasema. Salamu ile alikuwa hajaijibu.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete kopo."

Walikaa wawili mezani. Alimwaga vipande kwenye kitambaa, akaanza kuvipanga. Kamera ilikuwa imefungwa nusunusu kwa kufuata mchoro wangu, na si vibaya. Kipande kilichobaki kilikuwa pete ndogo ya shaba, akamwonyesha inapokaa. Nikajua mimi ndiye niliyeisahau kwenye mchoro, na hakuna aliyenilaumu.

Alichukua sehemu moja ambayo Ngongoti alikuwa ameshaimaliza kabla hajaugua. Akaisogeza kwenye taa. Akaganda.

"Nini, babu?"

Juu ya kila skrubu palikuwa na tone dogo la rangi ya kucha, nyekundu, limewekwa katikati kabisa. Mafundi wa zamani huweka hivyo ili skrubu isilegee. Ni kazi ya mkono uliotulia.

"Nilimfundisha mimi hii," mjomba akasema. "Alikuwa anamwaga. Nilikuwa namgombeza, unamwaga kama unapaka ukuta." Akageuza kile kipande upande wa pili, akakigeuza tena. Hakuna tone lililotoka nje ya skrubu.

"Huyu alikuwa fundi," akasema.

Akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. "Huyu mtoto alikuwa fundi."

Mama aliinuka akasogea dirishani. Sifa hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwapo kuipokea.

Wiki iliyofuata tulikwenda kaburini. Mjomba, mama, yule binti, na mimi. Ni kaburi la kawaida, limejengewa vizuri, majani yamelizunguka. Mama alijua njia. Alitutangulia bila kuuliza mtu.

Mjomba alisimama hapo, kofia mkononi. Kisha akatamka jina la mwanawe. Lile la kweli, alilompa mwenyewe siku ya kuzaliwa, ambalo masikio yangu yalikuwa yamelisahau. Alilitamka kwa sauti kubwa, kama anavyoita mzazi mlangoni, mtoto aache mchezo aje kula.

Akasubiri kidogo.

Akaita tena.

Tukamwacha. Aliyoyasema baadaye ni yao wawili, na hata kama ningeyasikia nisingeyaandika hapa.

Huyu binti sasa anakaa kwetu na anaendelea na shule. Ana maneno mengi, anamaliza sukari, na anamwambia babu yake usoni kwamba redio yake ni kelele. Mzee anazima. Sisi angetufukuza.

Mama bado analia siku zingine. Analia sebuleni, mlango wazi, mjomba akiwa amekaa karibu naye.

Najua wengine mtasema mama alikosea kuficha. Wengine mtasema Ngongoti angerudi mwenyewe, ni baba yake. Wengine mtamwandama mzee wangu. Haya, semeni. Mimi niliwaona wote watatu kwa karibu, na nakwambia hakuna aliyemchukia mwenzake hata siku moja. Walipendana, kila mtu akawa anamsubiri mwenzake aanze.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nadhani ni methali ya mitihani tu. Kwa mjomba wangu majuto yalikuja na sketi ya shule, yakapiga shikamoo.

Wewe unayesoma hapa, kuna mtu umemkosea na unajua umemkosea. Usisubiri upate maneno mazuri. Mpigie sasa hivi, na hata sauti ikikukatika njiani, wacha ikatike, mradi yupo wa kuisikia.